Wifi Yangu Ameacha Kunitukana

Mimi na wifi yangu hatuivi chungu kimoja, na sitaki mtu anihurumie kwa hilo wala ajitie kutupatanisha. Alianza yeye. Nilikuwa bibi arusi, hata sufuria zangu bado zina karatasi za dukani, akaja kunitembelea. Kiti nilichompa hakukikalia. Alikwenda moja kwa moja chumbani, akalivuta shuka nililotandika, akalikung'uta, akalitandika upya mbele ya macho yangu, kisha akasema, "Kaka yangu hajazoea kulala kwenye makunyanzi." Mume wangu, ambaye ndiye huyo kaka, alikuwa amesimama mlangoni anacheka. Yeye nimemsamehe. Dada mtu sijamsamehe.

Wifi ni dobi wa hospitali. Aliingia kazini akiwa msichana, wazazi wao walipofariki, na mume wangu alilelewa na kusomeshwa kwa mashuka ya wagonjwa, jambo ambalo dada yake hakosi kulitaja kila akija kula kwangu. Aliolewa, mume akafa mapema, akabaki na binti mmoja ambaye naye kaolewa mbali. Anaishi chumba kimoja, mtaa wa pili kutoka kwetu. Ni mrefu, mwembamba, na ana mikono mikubwa ambayo ukiiona peke yake utadhani ni ya mwanamume mpasua kuni. Na ana mdomo. Wapo watu wenye maneno makali, lakini wifi yangu maneno yake ameyanoa pande zote mbili.

Ana tabia moja ambayo lazima niieleze. Hawezi kumtukana mtu huku mikono yake ina kazi. Kwanza ataachia alichoshika, chochote kile, halafu mkono wa kulia utakwenda kiunoni, wa kushoto utafuata, na hapo ndipo ataanza. Nimemwona akiachia ndoo ya maji katikati ya ngazi. Nimemwona akiachia mtoto wa jirani, bahati nzuri alikuwa juu ya godoro. Ukiona mikono ya wifi iko kiunoni, tafuta mahali pa kukaa, maana haitakuwa hotuba fupi.

Nilifika kwenye ufuaji kwa sababu ya shida. Mume wangu alipunguzwa kazini, akaenda kumwomba dada yake anitafutie nafasi. Wifi alinipeleka kwa msimamizi, akamwambia nikiwa nimesimama palepale, "Huyu hana akili ya kazi, ila mikono anayo. Sisi tutatumia mikono, akili tutamwachia kaka yangu." Kisha akanichukua niwe mwenzake wa meza, ili anione vizuri ninavyokosea.

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Ni pana, ni zito, na likigusa sakafu linarudi kufuliwa. Mnasimama wawili, kila mmoja kashika pembe mbili, mnavuta mpaka likaze, mnaunganisha pembe. Hapo mmoja anasema "haya" na kubaki aliposimama, na mwenzake anasema "naja" na kumwendea, mpaka pembe zote nne zikutane mikononi mwa yule aliyesimama. Desturi yetu madobi ni kwamba mkubwa kazini husimama na mdogo hutembea. Wifi alisimama, mimi nilitembea. Miaka yote tuliyokaa meza moja mimi ndiye niliyemwendea, kwenda na kurudi, kutwa nzima, na kila nikifika ananipokea na neno.

"Pole na safari," ananiambia. "Kobe alishafika, kapata na wajukuu."

"Kobe anaishi sana, wifi. Nitakuzika hivihivi natembea polepole."

"Hili umelikunja au umelifinya?"

"Nimelikunja ulivyonifundisha, ndiyo maana limeharibika."

Watu wa meza za jirani walikuwa wanapunguza mazungumzo yao ili wasikie yetu. Kulikuwa na mama mmoja wa meza ya foronya aliyekuwa akicheka mpaka anakaa chini. Na kazi ilikwenda. Sijui niseme vipi ili nisionekane namsifia, lakini ukweli ni kwamba mashuka ya meza yetu yalikuwa yanaisha kabla ya yale ya wengine wote, na jioni nilikuwa naondoka nina hasira mpya na mgongo usiouma.

Sasa nimtaje msimamizi. Sisi tulimwita Jambo Dogo, kwa sababu hakuna kitu ulichompelekea ambacho hakuwa na jibu hilo. Maji ya moto yamekatika? Jambo dogo. Glavu zimetoboka na mashuka ya chumba cha upasuaji yanakuja na sindano ndani? Jambo dogo. Hospitali ilipofungua jengo jipya la wodi, mashuka yakaongezeka maradufu, na wakati huohuo wenzetu wawili wakastaafu na hakuna aliyeletwa mahali pao. Tulikwenda kumwambia kwamba hatutaweza. Alikuwa anakula karanga. "Mtazoea," alisema. "Ni jambo dogo tu, mjipange."

Njia yake ya kujipanga ilikuwa kuiongezea kasi mashine ya kunyoosha. Hiyo tunaiita Chatu. Ni magogo mawili ya chuma ya moto yanayozunguka yakigusana. Unaingiza shuka bichi upande mmoja, linatoka upande wa pili limenyooka na linafuka mvuke. Mbele ya mdomo wake kuna chuma chembamba cha usalama, ukikigusa hata kwa kidole mashine inasimama. Ila ukifanya kazi haraka kidole kinakigusa kila mara, na mashine ikisimama inachukua muda kuwaka tena. Jambo Dogo alikuja na kipande cha shuka chakavu, akakifunga kile chuma kwa mafundo mawili, akajipangusa mikono. Tangu siku hiyo Chatu hakusimama.

Wifi alianza kubadilika kidogo kidogo. Aliacha kuja kula kwetu Jumapili. Sare yake, ambayo ilikuwa imenyooka kuliko ya matroni, ikaanza kuja na mikunjo. Lakini mimi nilijua zaidi kupitia shuka. Ukikunja na mtu mmoja kwa miaka, shuka linakuambia habari zake zote: amelala au hakulala, ana homa, ana hasira na nani. Zamani wifi alikuwa anavuta kwa nguvu, kama vile upande wa pili ameshika mwizi wake. Sasa nilikuwa nikivuta, pembe zinanijia bila ubishi, na ilibidi niangalie kama kweli kuna mtu ameshika.

Siku moja pembe iliniponyoka, shuka zima likaingia kwenye maji machafu ya sakafuni. Kwa kosa kama hilo, mwaka wa nyuma, ningesikia habari zangu, za mama yangu na za kijiji alikozaliwa bibi yangu. Nilisimama nikisubiri. Wifi aliinama, akaliokota, akasema, "Samahani, sikulishika vizuri."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu, "Dada yako anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Ameacha kunitukana."

Akacheka, yule mtu wa kucheka mlangoni. "Si ndicho ulichokuwa unaomba?"

"Acha kucheka. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nenda kamwone."

Alikwenda jioni ile. Alimkuta amekaa kitandani na sare ya kazi, jiko halijawashwa, dirisha halijafunguliwa, anatazama kanga zilizotundikwa ukutani. Alimuuliza nini tatizo, dada yake akasema amechoka kidogo tu. Mume wangu akarudi kuniletea ripoti hiyo kama ilivyo: amechoka kidogo tu. Nilimpa chakula chake na sikumsemesha mpaka asubuhi.

Basi, ikawa ni wakati huohuo hospitali ilipoamua kutuletea afya ya akili. Zilibandikwa picha ukutani, watu wanatabasamu wameshikana mabega, na maneno kwamba mfanyakazi mwenye furaha ndiye nguzo ya huduma bora. Na tukajengewa Chumba cha Utulivu. Nasema tukajengewa, lakini kilikuwa ni chumba chetu cha chai. Walitoa benchi letu na jiko letu la umeme, wakaingiza viti viwili vya sofa, ua la plastiki, zulia la kijani na kufuli. Ufunguo alipewa Jambo Dogo. Ukitaka kutulia unakwenda kwake, unamwambia ni kitu gani kinakusumbua, akiridhika anakufungulia. Hakuna aliyekwenda hata mmoja. Chai tukawa tunaywa tumesimama karibu na boila.

Kisha akaja Mshauri, mwanamke kijana mwenye sauti laini na viatu visivyopiga kelele. Sikumpenda. Tuliitwa semina wakati wa mapumziko ya mchana, tena tukaambiwa muda utafidiwa jioni. Akatufundisha kuvuta pumzi. Madobi watu wazima tumefumba macho, tunavuta pumzi puani tunaitoa mdomoni, na huko nyuma matoroli ya wodi mpya yanazidi kurundikana. Alipomaliza akauliza kama kuna yeyote anayehisi amechoka kupita kawaida. Sisi wote tukaangalia viatu vyetu. Mtu mwenye akili hajibu swali kama hilo mbele ya bosi wake.

Wifi akanyoosha mkono.

"Mimi," alisema. "Nikilala nimechoka, nikiamka nimechoka. Juzi nilisimama kwenye geti la hospitali nikasahau kama naingia au natoka. Mlinzi ndiye aliyeniambia."

Mshauri akamshukuru kwa ujasiri wake, akaomba tumpigie makofi. Tukapiga. Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa Jambo Dogo.

Walikaa naye, kama nilivyosimuliwa baadaye, kwenye Chumba cha Utulivu, Mshauri kwenye sofa moja, Jambo Dogo kwenye sofa nyingine, na mgonjwa mwenyewe wakamletea stuli. Mshauri aliuliza nini kinamchosha. Wifi alikaa kimya, maana angesema nini na huyu mtu kakaa pale? Jambo Dogo ndiye aliyejibu. Alisema tatizo analijua siku nyingi. Huyu mama anafanya kazi na mke wa kaka yake, mwanamke mwenye mdomo mchafu, na kutwa kucha wanatukanana. Mtu gani atakuwa na afya ya akili kwa hali hiyo? Mshauri akaona ni kweli. Wakaamua, kwa faida ya wifi, atenganishwe na mimi. Na apunguziwe kazi: awekwe kwa Chatu kuingiza mashuka, kwani pale hakuna kutembea wala kuvuta, mashine inafanya yote. Mimi hakuna aliyeniita kuniuliza chochote.

Nilimfuata Jambo Dogo kwenye meza yake.

"Bosi, yule mtu hafai kusimama pale. Hayupo. Ukimwangalia macho utaona."

"Uamuzi ni wa kitaalamu, mama."

"Basi angalau fungua kile chuma."

"Wewe ndiye uliyemfikisha pale alipo," alisema. "Mwache dada wa watu apumzike na ulimi wako. Au na wewe unataka tuzungumzie tabia yako?"

Nilirudi mezani. Ningekuwa na shuka bichi mkononi ningemfunga nalo kichwa.

Mimi nilipewa mwenzangu mpya, dada mpole mno, tukamwita Samahani. Tukivuta, samahani. Pembe zikigusana, samahani. Akikohoa, anaomba radhi kwa shuka. Nilikuwa nakunja na mtu mwenye adabu kuliko wote niliopata kuwaona na ikifika saa ya kutoka nilikuwa sijiwezi. Hata yule mama wa foronya aliacha kucheka. Ukumbi mzima ukabaki na mngurumo wa Chatu, na karibu yangu ukutani wakabandika karatasi nyingine: Lugha ya staha ni afya.

Niliomba meza yangu isogezwe karibu na mashine, nikasingizia mwanga. Kutoka pale nilikuwa namwona wifi ubavuni. Mtu wa Chatu analaza shuka mezani, analisukuma, na linapoanza kuvutwa lazima aachie kabla vidole havijavuka mstari mwekundu uliochorwa mbele ya chuma cha usalama. Ni kitu ambacho mikono inakijua yenyewe, mradi mwenye mikono yupo. Asubuhi wifi alikuwa anaachia mapema. Kadiri mchana ulivyokwenda alikuwa anaachia kwenye mstari. Nilikuwa nakunja huku shingo imepinda, na Samahani ananiomba radhi kwa kutoangalia kwangu.

Mambo yalitokea mchana mweupe, watu wote tupo. Toroli la jengo jipya lilikuwa limeletwa na Jambo Dogo amepita kutuhimiza. Wifi alilaza shuka, akalisukuma, Chatu akalikamata. Vidole vyake vikafika kwenye mstari na havikuachia. Vikavuka. Alikuwa amesimama wima, macho wazi, na mikono yake inakwenda na shuka taratibu kuelekea kwenye yale magogo ya moto.

"Wifi," niliita.

Hakusikia. Mama wa foronya akaita, "Dada, mikono." Hakusikia. Swichi ya kuzima iko ukutani upande wa pili wa mashine, na kati yangu na ukuta kuna matoroli mawili. Kile chuma cha usalama kimefungwa mafundo mawili. Mimi nilikuwa na mdomo wangu tu.

Nikapaza sauti kutoka tumboni. "Wewe mwanamke, kaka yako kanieleza kila kitu. Anasema miaka yote aliyokaa kwako alilala kwenye mashuka yanayonuka mkojo."

Na mikono ya wifi ikaachia. Shuka likaenda peke yake, likaingia upande, na ile mikono mikubwa ikanyanyuka: wa kulia ukaenda kiunoni, wa kushoto ukafuata. Akanigeukia. Akafungua mdomo.

Hakikutoka kitu. Nilimwona anatafuta neno, moja tu, yeye aliyekuwa na maneno kwa magunia. Alisimama vile mdomo wazi, mikono kiunoni, machozi yakaanza kumtoka bila sauti, kisha akakaa sakafuni palepale mbele ya mashine.

Samahani, Mungu ambariki, ndiye aliyeruka toroli na kuzima swichi. Mimi nilichukua mkasi wa kukatia matambara nikakata lile fundo kwenye chuma. Jambo Dogo akaingia mbio akiuliza nani kasimamisha mashine. Aliponiona na mkasi akaanza kunipa onyo mbele ya watu: lugha ya matusi, mahali pa kazi, dhidi ya mgonjwa, nimesikika hadi wodini.

"Ufunguo," nilimwambia.

"Ufunguo gani?"

"Wa utulivu."

"Kile chumba kina utaratibu wake."

Madobi wote walikuwa wameacha kazi, wamesimama mikono imefungwa kifuani, wanamwangalia. Aliutoa mfukoni akafungua mwenyewe. Wifi hakutaka sofa, bado lilikuwa na nailoni ya dukani. Alikaa kwenye zulia, mgongo ukutani, na mimi nikakaa kando yake na hasira yangu. Nilimkasirikia kwa nini alinyoosha ule mkono, na kwa nini hakunyoosha mapema, na kwa nini sasa hivi hanipi vidonge vyangu kwa nilichomsingizia kaka yake.

Mshauri aliitwa akaja. Safari hii alimtoa Jambo Dogo nje kabla hajakaa.

"Niliambiwa nyinyi wawili hampatani," aliniambia.

"Hatupatani."

"Kwa hiyo unashauri tufanye nini?"

"Akipona, arudishwe kwenye meza yangu."

"Ili muendelee kutukanana?"

"Ndiyo."

Halafu akamgeukia wifi, akamuuliza kama ndivyo anavyotaka na yeye. Wifi akaitika kwa kichwa, na akaongeza kwa sauti ya chini, "Ndiye mtu pekee humu anayeniangalia."

Nampa Mshauri haki yake: alisimama, akaenda mwenyewe mpaka kwa Chatu, akaokota lile tambara lenye fundo, akamuuliza Jambo Dogo ni nini. Na yule mtu, nakuapia, alimjibu kwa neno lake lilelile. Safari hii halikumsaidia. Waliletwa mafundi, kasi ikarudishwa ilivyokuwa, na baada ya kelele nyingi tukaongezewa watu. Yeye mwenyewe hakuondolewa, alihamishiwa stoo ya vifaa, ambako nasikia anawaambia watu wa ufagio na ndoo maneno yaleyale. Onyo langu nalo halikufutwa. Chumba cha chai tumerudishiwa, na ua la plastiki tumemwachia nzi.

Wifi alipelekwa kwa daktari, daktari wa kweli na siyo semina. Alisema ni sonona iliyoletwa na kufanyishwa kazi kupita kiasi, inatibika, akampa dawa na likizo ya ugonjwa, na akasema asikae peke yake. Mume wangu aliposikia hivyo akaniangalia.

"Unaniangalia nini?" nilimuuliza. "Kwani ana nyumba nyingine?"

Akaja kwetu na mfuko mmoja. Tukampa kitanda cha dirishani. Alikuwa anakunywa dawa, anakula matonge mawili matatu, anageukia ukuta. Nikimuuliza kitu ananijibu kwa upole, asante wifi, nimeshiba wifi, na kila nilipousikia ule upole nilitoka nje. Sitaki kuficha: niliogopa. Niliogopa kwamba yule mwanamke aliyeingia chumbani kwangu akavuta shuka langu amekwenda zake, na nitaishi mpaka uzee na huyu mwenye heshima. Mshauri alikuwa anakuja kila wiki, anakaa naye, mara nyingine bila kusema neno. Nilimpa chai isiyo na sukari makusudi, akaimaliza, akaja tena. Mwishowe nikaanza kuitia sukari.

Siku moja tunakula mchana, mume wangu ana tonge mdomoni, wifi akainua uso.

"Uliwahi kusema mashuka yangu yananuka mkojo?"

Mume wangu alipaliwa. Alinitazama mimi, mimi nikatazama dari. "Mimi? Sijawahi hata siku moja, dada."

Wifi akanigeukia polepole. Mkono wake wa kulia ukanyanyuka kutoka kwenye sahani, ukaenda kiunoni. Nilisubiri. Wa kushoto ulibaki pajani, ukatulia hapo, na baada ya kitambo ule wa kulia nao ukarudi kwenye chakula. Lakini siku hiyo alimaliza sahani yake.

Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe sina, nina kamba ya nguo. Niliyaanua mashuka ya nyumbani nikaanza kuyakunja peke yangu uani, chini ya dirisha lake, ovyo kabisa, pembe huku pembe kule. La kwanza likatoka kama tambi. La pili nililibana na kidevu. Nikasikia mlango. Wifi alikuja na kanga yake kiunoni, nywele hazijachanwa, akasimama upande wa pili wa uwanja, akaokota pembe mbili za shuka la tatu kabla halijagusa ardhi.

Tukavuta. Nikasikia kitu upande wa pili. Hakikuwa kingi, lakini kilikuwa kinavuta.

Tuliunganisha pembe. Ilikuwa zamu yake kusema neno lake, na mimi kumwendea kama siku zote. Sikusogea. Sijui ni kiburi au ni nini.

"Haya," nilisema mimi.

Alinikazia macho. "Tangu lini wewe unasimama?"

"Tangu leo."

Alibaki pale, ameshika zile pembe. Uwanja wetu si mkubwa, lakini mtu ambaye kwa wiki kadhaa alikuwa hajavuka zaidi ya mlango wa choo anauona mkubwa.

"Naja," alisema.

Alitembea taratibu, na sikumsaidia. Alipofika aliziweka pembe zote nne mikononi mwangu, akalipapasa pindo, akaona upande wangu ulivyopinda. Akarudi nyuma kidogo. Mkono wa kulia ukaenda kiunoni. Wa kushoto ukafuata.

Nikasimama pale nimekumbatia shuka, nikamsubiri aanze, na jibu sikuandaa.